Kamba ya Mnarani

Nyumba ya kona, nyuma ya Posta,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mkaza mjomba hajambo, na watoto je? Sisi huku wazima, ila mimi tangu Alhamisi mdomo uko wazi, haujafumbika. Wewe uliyenipa jina la Kasuku ungecheka: nimekosa la kusema!

Najua hutaki kusikia habari za mnara wa taa. Tangu siku ile uliyopanda boti kwenda zako, ukampa Babu mkono wa kwaheri naye akauacha unaning'inia, hujarudi, hata kwenye mazishi yake. Mama alinikataza kabisa kuutaja mnara kwenye barua. Leo yeye ndiye aliyenisimamia hapa, "Andika! Andika yote!" Kwa hiyo tafadhali usiichane.

Serikali imeamua kuuhifadhi. Una zaidi ya miaka mia sasa, chumvi imekula vyuma, na tangu taa iwekewe umeme wa jua hakai mtu tena kule kisiwani kwenye mnara. Mafundi wamekuja kukwangua rangi na kuziba nyufa. Mama alifurahi sana, maana Babu ndiye mlinzi wa mwisho wa taa ile, na wanataka kuweka picha yake mlangoni.

Alhamisi fundi mkuu akatuita, Mama na mimi, tuvuke tukaone kitu. Chini ya chuma cha kushikia ngazini, ndani ya matabaka ya rangi, wamekuta kamba nyembamba imefungwa kutoka mlangoni mpaka juu kwenye taa. Ina mafundo: moja kabla ya kila dirisha, mawili penye kidato kilichomeguka, matatu kabla ya mlango wa taa. Akauliza ni ya kazi gani, aitoe au aiache. Mama hajui. Mimi ndiyo kabisa.

Tuliporudi nyumbani tukamuuliza Bibi. Alikuwa anachambua mchele. Akajibu bila kuinua uso, kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya: "Ya babu yako hiyo. Alikuwa haoni."

Haoni! Hebu fikiri, Mjomba. Mlinzi wa taa, kipofu! Miaka yake yote ya mwisho kazini Babu alipanda kwa kamba, akasugua vioo kwa kupapasa. Bibi ndiye aliyewasha taa na kuangalia bahari, na ninyi watoto mkidhani anampelekea chai! Nyumba mliyokaa ilikuwa ya kazi. Mkaguzi wa serikali angejua, mngelala nje. Mbele ya watu Bibi alikuwa anakohoa: mara moja, kuna mtu mbele yako, mara mbili, toa mkono. Loo! Na kile kikohozi Mama alikinunulia dawa ya kifua! Mama alicheka mpaka machozi, halafu akalia kweli.

Maana hapo ndipo alipouliza kuhusu siku uliyoondoka. Bibi akaacha mchele.

"Mkaguzi alikuwa pale gatini," akasema. "Mwanangu akanyoosha mkono. Nikataka kukohoa, kilio kikanikaba. Sauti haikutoka."

Babu hakukunyima mkono, Mjomba. Hakuuona. Boti ilipoondoka ndipo Bibi alipomwambia, naye akanyoosha wake kuelekea kwenye mngurumo wa injini.

Nimemkasirikia Bibi, sifichi. Kwa nini asiseme hata Babu alipostaafu? Ati Babu alimwapisha. Aliogopa watu waseme vyombo vya baharini vilikuwa mikononi mwa kipofu. Yaani siri kwanza, mwana baadaye! Wazee hawa wananishinda. Lakini usiku huu nitamkanda miguu kama kawaida, nifanyeje?

Fundi ameahidi kuiacha kamba palepale. Picha ya mlangoni sasa itakuwa ya wawili.

Mama anakusalimu mno, bado macho yamemvimba. Dada na mumewe wanakusalimu pia. Nisalimie mkaza mjomba na wote wa nyumbani kwako.

Neno la samahani Bibi amenikataza nisiliandike. Anasema atalitamka mwenyewe, gatini, ukiteremka. Moyo wake umechoka, Mjomba. Daktari ametuambia tusijidanganye. Njoo angali anaweza kusimama.

Mungu akufungulie njia, akufikishe mapema.

Mpwa wako akupendaye,
Kasuku