Glasi Yako ya Ndimu, Baba Dama

Garsen, Jumapili alasiri

Mpenzi wangu Baba Dama,

Jana ndugu zako walikuja kukumwagia kinywaji kaburini. Wiki nzima nilikuwa na hofu moja tu, kwamba watakupa pombe ya mnazi na kuondoka, nawe mnazi hukuupenda. Sasa wameshakwenda. Nimekaa kibarazani, joto limeanza kulegea, na ninakuandikia ili ujue mambo yalivyokuwa.

Wacha nianze mbali kidogo. Leo kichwa changu hakiendi njia iliyonyooka. Kinatembea kama maji ya mto Tana yanapoingia mashambani, polepole, yakizunguka kila tuta.

Naziona Jumapili zetu. Tumerudi kanisani, umetundika shati lako jeupe msumarini, umebaki na fulana na kikoi. Mimi nimejilaza mkekani, macho nusu yamefumba. Kabla sijakuona naisikia barafu. Unaivunja ndani ya gunia kwa mchi, taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Ile barafu uliifuata asubuhi kwa muuza soda pale njia panda, ukaileta imezikwa kwenye maranda ya mbao, na njia nzima watu wanakuuliza, "Leo kuna samaki?" Nawe unawajibu, "Leo kuna mke."

Hoteli ya Malindi, ulikokuwa ukihudumu baa, ilipofungwa, wenzako walirudi makwao na magodoro na redio. Wewe ulirudi na chupa moja ya jin, pombe kali uliyoiita dawa, na mikono iliyozoea kaunta. Wageni walikiita kile kinywaji gimleti. Wewe ulikiita ndimu ya wakubwa, na ukasema hakitengenezwi kwa haraka, kwa hiyo kinafaa watu wa Garsen.

Kweli hukuwa na haraka. Jumamosi ulichagua ndimu, zile ndogo za Kulesa zenye ganda jembamba, ukazinusa moja moja. Ulikwangua ganda la kijani tu, ule weupe wa chini hukuugusa, ukalisugua na sukari ndani ya bakuli mpaka sukari ikawa kama nyasi baada ya mvua. Ukaifunika kitambaa ilale. Kufikia Jumapili sukari ilikuwa imetoa jasho lake. Ndipo ulipokamua ndimu juu yake, ukakoroga, ukachuja, ukapata sharubati nzito yenye rangi ya maji ya dafu. Mimi nikijitia kusaidia, nikikamua kwa nguvu zote, ulinishika mkono.

"Usiinyonge, Mama Dama. Iombe."

"Niiombe nini?"

"Ilicho nacho. Ukiilazimisha inakupa uchungu."

Halafu jin, sharubati na barafu vyote vinaingia kwenye chupa ya jemu, kifuniko kinakazwa, nawe unasimama mlangoni ukitikisa. Chupa inageuka nyeupe kwa baridi. Vidole vyako vinauma, unacheka, unaendelea. Ulipomaliza ulinitia ule mkono wa baridi shingoni, nami nilipiga kelele kila mara, ingawa nilikuwa naungoja.

Mama Halima, jirani yetu, alijua saa zako. Alikuja kudai chombo chake cha maziwa, hata kama alikichukua jana yake.

"Baba Dama, ile yangu iko?"

"Iko. Yako haina dawa."

"Hakika haina?"

"Mama Halima, glasi yako sijaigusisha na kitu. Hata chujio nimetumia lingine."

Ulimnunulia glasi yake mwenyewe, yenye ua jekundu, ukaiweka rafu ya juu peke yake, ili yule mama Mwislamu anywe ndimu yake na maji na moyo wake utulie. Alikunywa akitazama ng'ombe wa kina mumewe wakirudi, vumbi limepanda, jua limo ndani ya vumbi. Siku hizo nilidhani zipo tu, kama mto ulivyo.

Glasi ya mwisho uliitengeneza ukiwa umekaa, maana miguu ilikuwa imekataa. Ulipoondoka nilisema sitaonja nyingine. Ile ladha nilitaka ikae mdomoni mwangu kama ulivyoiacha, isiguswe na mkono wa mtu mwingine, hata wangu.

Basi ndugu yako Kazungu akatuma habari kwamba wanakuja. Unamjua kaka yako, kanisa yeye hulisikia kwa mbali, jadi ndiyo anayoishika. Nilimwambia kwa simu, "Shemeji, naomba tummwagie kile kinywaji chake cha ndimu." Akasema tutaonana.

Ijumaa nikakwangua ndimu. Nilifanya kila kitu kama nilivyokuona ukifanya, na bado mikono ilikuwa migeni kazini. Jana asubuhi nikafuata barafu mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza kama kuna samaki.

Walikuja na dumu la mnazi kutoka upande wa Malindi. Tukasimama kando ya kaburi lako, pale mihogo inapoishia. Mimi nimeshika glasi yako, baridi inanipita vidoleni. Kazungu akaitazama kama mtu anayetazama nyoka mdogo.

"Shemeji, mtu hapewi vya wazungu kaburini. Wazee waliotangulia wanajua mnazi."

"Mwenyewe alikuwa hanywi mnazi, shemeji. Ulikuwa unamchoma tumbo."

"Alipokuwa hai! Sasa tumbo gani?"

Watu wakacheka, Baba Dama. Hata mimi kidogo nicheke. Lakini sikurudi nyuma. Nilimwambia, "Nyinyi mpeni wenu, sina neno. Mimi nitampa chake. Kama hakitaki, atakiacha."

Kazungu akaonja mnazi kwanza, akamwaga, akawataja baba zenu, akakutaja wewe, akasema ulale vizuri. Akapangusa mikono. Nikajua zamu yangu imepita, nikaona aibu kusimama pale na glasi inayotoka jasho. Ndipo akanigeukia.

"Haya. Onja."

"Nionje?"

"Mletaji ndiye anayeonja kwanza, aonyeshe hakuna ubaya ndani. Unadhani desturi ni ya mnazi peke yake?"

Nilielewa kwamba amekubali. Angekikataa kinywaji chako, asingekiwekea desturi. Lakini hilo la kuonja sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Nilidhani glasi itatoka mkononi mwangu iende udongoni moja kwa moja. Nilisimama, wote wakaningoja. Nikakumbuka kwamba nawe hukunipa glasi hata siku moja bila kupiga funda la kwanza, nami miaka yote niliita uroho.

Nikaonja.

Haikuwa yako. Ilikuwa chungu kwa nyuma, baridi yake nzuri, utamu wake umechelewa. Nilihisi ile ladha yako ikiondoka, kweli kabisa, kama mtu anayevuka upande wa pili wa mto, bado unamwona mgongo, kisha humwoni.

"Vipi?" Kazungu akauliza.

"Ina uchungu kidogo."

"Mpe tu, shemeji. Mapishi yako alishayazoea."

Sijui nililia au nilicheka. Nilimimina. Udongo ukanywa mara moja, ukabaki mchirizi wa harufu ya ndimu na kipande kimoja cha barafu juu ya mchanga, kinang'aa, kinapungua. Tulikitazama mpaka kikaisha. Hakuna aliyesema twendeni. Kisha kaka yako akanyoosha mkono akaomba tone lililobaki kwenye glasi, akalilamba.

"Kumbe," akasema. Basi.

Leo nimetengeneza nyingine. Sikujaribu kufuata yako. Nimeongeza sukari kwa jinsi ulimi wangu unavyotaka, nikatikisa mpaka mikono ikafa ganzi, nikaonja mwenyewe kwanza. Ninaipenda, Baba Dama. Nimeona nikuambie mimi, usije ukaisikia kwa wengine. Ladha yako siwezi tena kuieleza hata nikifumba macho. Nilivyoogopa, nilidhani nyumba itabaki tupu siku itakapopotea. Haiko tupu. Upepo unatoka mtoni, glasi imeacha duara la maji juu ya meza, na ninasikia mtu wa jirani anaita mbuzi.

Nitakuletea tena watakapokuja ndugu zako, na hata wasipokuja. Itakuwa ya mkono wangu, uivumilie.

Lala salama, mume wangu. Na huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke na mimi.

Mkeo,
Mama Dama