Nifute Lipi, Abowe?

Mpendwa Abowe,

Ni miezi saba tangu tukuzike, na bado siwezi kukuita kwa jina. Nyumbani kwetu kaka mkubwa haitwi jina, huitwa Abowe, hata akiwa ametuudhi. Na mimi umeniudhi, nikuambie mapema, usije ukadhani nimeandika kukubembeleza.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye kiti chako, kwenye stoo nyuma ya yadi ya malori ya baba hapa Isiolo, na muda wa kuamua nipunguze nini kwenye programu uliyoiandika ulikuwa umebaki kidogo. Pikapu ya Merti ilikuwa inaondoka baada ya swala, na dereva alikuwa amekubali kubeba flashi yenye programu mpya mpaka zahanati ya Korbesa. Nesi Kendi wa huko alikuwa amenipigia mara tatu.

"Dada, hii kitu yenu inanikalisha dakika kumi kila asubuhi. Kina mama wamesimama na watoto kwa jua. Nikichoka nitaandika kwa karatasi, na karatasi ikipotea msiniulize."

Alisema kweli. Kila mara programu yako ya chanjo inapofunguliwa, inaihoji kwanza kadi ya memori iliyo ndani ya tableti, kujua inavyotunza faili. Unatofautisha herufi kubwa na ndogo? Unakubali jina refu? Unaweza kuifunga faili isiguswe na wawili kwa pamoja? Majaribio kumi na moja, yote kazi ya mkono wako, na hakuna mtoto anayeandikwa kabla hayajaisha. Ilibidi nipunguze. Lakini nikikosea na kufuta lile linalohitajika, rekodi zitapotea kimyakimya, na hatutajua mpaka mtoto augue surua.

Namna ya kuchagua ulinifundisha mwenyewe, juu ya lori la baba, tukienda Merti na tableti ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya vumbi. Kila baada ya muda unapiga kelele, "Vuta!" nami nachomoa kadi ikiwa katikati ya kuandika, tuone kama rekodi zitapona, roho mkononi, nikijua nimeiharibu. Turnboi wa lori akakuuliza huyu dada amekosa nini. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukaniambia, "Abaayo, dada yangu, jibu la jaribio likiwa ndiyo tutafanya nini? Likiwa hapana tutafanya nini? Kama ni kile kile, futa."

Basi nikaanza. Faili zetu zote zinaitwa kwa namba, kwa hiyo la herufi kubwa na ndogo nikalifuta, la jina refu likafuata. La kufunga faili nalo likaenda, maana tableti inatumiwa na mtu mmoja. La nafasi iliyobaki nikaliacha, kwa sababu kadi ikijaa programu inamzuia nesi asiendelee. Lile lililozaliwa na "Vuta!" zako sikuligusa: kadi ikishindwa kubadilisha faili ya zamani kwa mpya kwa mkupuo mmoja, programu inatunza nakala ya pili. Kazi ilikuwa inasonga.

Nikafika kwa lile linalokula dakika nane. Linaandika mpaka mwisho wa kadi, linafunga, linafungua upya na kusoma kama kila kitu kipo. Najua lilikotoka. Nesi aliyemtangulia Kendi alinunua kadi hapa mjini, ya ukubwa mara nne ya yetu, apate nafasi ya picha zake. Ilikuwa feki. Ilipokea kila kitu kwa adabu na kutunza robo tu. Tulishinda Korbesa mimi na wewe, tukikunja mikono ya nguo za watoto kutafuta kovu la chanjo.

Nikaangalia jaribio hilo hufanya nini likishindwa. Linaandika mstari mmoja kwenye faili isiyofunguliwa na mtu, kisha programu inaendelea kama kawaida. Chini yake umeandika, "Tutaamua baadaye." Kwa kanuni yako, lilikuwa la kufutwa.

Simu ikalia. Dereva. "Wewe, tumeshatoka msikitini. Dakika kumi naenda."

Kidole kilikuwa tayari, Abowe, halafu damu ikanichemka. Nilimkumbuka Hooyo, mama yetu, wakati wa matanga, akinieleza kwamba daktari alikutaka ufanye kipimo cha figo ukakataa. "Jibu likiwa zuri nitaendelea na kazi, likiwa baya nitaendelea na kazi," ulimwambia. Naye akaacha kubishana, kwa sababu hakuna aliyewahi kukushinda kwa maneno. Mimi nilikuwa Nairobi, napokea ujumbe wako: niko poa, ni tumbo tu.

Sikulifuta. Nililiandika upya mbio mbio. Sasa linafanyika mara moja tu kwa kila kadi ambayo halijawahi kuipima, wala si kila asubuhi. Na likishindwa, programu inagoma, inaandika kwa herufi kubwa: "Kadi hii haifai. Tumia karatasi, piga simu Isiolo." Nilimpa dereva flashi injini ikiwa inanguruma.

Jumatatu Kendi akapiga. "Dada, imenikalisha mara ya kwanza tu, sasa inafunguka haraka. Lakini imekataa kadi yangu."

"Kadi yako gani?"

"Ile yenu ilikuwa ndogo. Nilibadilisha mwezi jana."

Mwezi mzima wa watoto kwenye kadi feki. Kesho alfajiri naenda Korbesa kukagua mikono yao, na sijui nitakuta wangapi, maana familia zingine zimeshahama na mifugo.

Nimekuombea rehema kila siku, hata nikiwa nimenuna. Lakini uliamua peke yako kwamba jibu la daktari halingebadilisha kitu, na hukuniuliza. Lingenibadilishia mahali pa kulala. Ningepanda gari siku hiyo hiyo, nikae kando ya kitanda chako nikikusumbua, nawe unifukuze, nisiondoke. Labda ungekufa vilevile. Ungekufa mimi nikiwa hapo.

Lala salama, Abowe.

Dada yako mdogo