Bendera Iliyopungua Upana wa Kidole

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi cha kati, chumba namba 3
Tarehe na saa: 5 Juni, saa nane na dakika kumi mchana
Jina: Lililo kwenye kitambulisho nilichokabidhi. Mtaani naitwa Bi Pindo, na ukiniulizia kwa jina la kitambulisho utarudi ulikotoka.
Umri: Miaka 56
Kazi: Fundi cherehani. Nashona bendera za ofisi za Serikali na mavazi ya kanisani.
Makazi: Nyuma ya gereji ya malori, nyumba yenye mlango wa kijani
Dini: Mkristo, wa benchi la nyuma
Uhusiano na mtuhumiwa: Ni wifi yangu, mke wa kaka yangu.

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushitakiwa, na nimeelewa. Nami nimemweleza afisa kwamba sisemi neno hadi kilichomo ndani ya kile kiroba chini ya meza kitolewe na kuwekwa juu ya meza. Kimetolewa. Sasa naanza.

Zahanati ya mtaa wetu imefungwa tangu mwezi wa kumi mwaka jana. Wifi yangu alikuwa mkunga hapo kwa miaka ishirini na miwili. Kwanza waliambiwa dawa hazijafika, kisha wakaambiwa watapangiwa vituo vingine, kisha hawakuambiwa kitu. Milango ikatiwa kufuli. Aliyebaki ni mlinzi, na kazi zake ni mbili: kulinda kufuli, na kupandisha bendera asubuhi na kuiteremsha jioni.

Mnamo tarehe 11 Februari niliitwa ofisi ya wilaya nikapewa agizo la kushona bendera mpya ya zahanati hiyo hiyo, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imepauka kwa jua. Nilicheka mbele ya karani. Nilimwambia, "Mkunga hamna, dawa hamna, ila bendera mnayo." Aliniambia, "Mama, chukua kitambaa na karatasi ya vipimo, hayo mengine hayakuhusu." Nilichukua. Bendera mimi napenda kuzishona, sioni aibu kusema hivyo hapa.

Mnamo tarehe 19 Februari, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa kwenye cherehani nikiunganisha mstari wa tatu. Simu ikalia, alikuwa kaka yangu. Aliniambia binti yake alishikwa na uchungu alfajiri na damu ikawa haikatiki. Binti huyo sote tulimwita Cheko, kwa vile alikuwa hajui kucheka kidogo. Mama yake alifanya kila anachoweza kufanya mkunga aliyefungiwa vifaa vyake nyuma ya kufuli. Wakampakia kwenye pikapu ya muuza magodoro kumkimbiza hospitali ya mbali. Alifia darajani, na mtoto naye hakuishi.

Afisa ameniuliza hilo linahusianaje na kesi hii. Nimemwambia aandike tu, tutafika.

Baada ya simu ile sikusimama. Nilikanyaga pedeli mpaka mwisho wa mstari. Mikono inaijua kazi, ikaendelea yenyewe, na hapo ndipo nilipokunja pindo mara mbili badala ya mara moja. Mstari wa tatu ukatoka mwembamba kwa upana wa kidole. Mimi, niliyeitwa Bi Pindo kwa sababu ya kazi hiyo hiyo, sikuona. Nilifunga duka nikaenda msibani.

Mnamo tarehe 27 Februari niliipeleka bendera ofisini. Mkaguzi aliitandika mezani akaipima kwa rula ya chuma, akatikisa kichwa. Nilimweleza nilikuwa nimefiwa. Alinipa pole, akaniandikia barua, akaigonga muhuri. Barua ninayo hapa na namkabidhi afisa. Inasema: "Kitu kilichowasilishwa hakikidhi vipimo na hakitambuliki kuwa Bendera ya Taifa." Nilimuuliza nifanye nini na kitu hicho. Akasema, "Kafutie meza."

Nilishona nyingine, ikapita. Ndiyo ile inayopepea juu ya zahanati hadi leo. Hii iliyokataliwa niliikunja nikaiweka kwenye rafu pamoja na kanzu za mapadri, na meza yangu naifuta kwa tambara la kawaida kama watu wengine.

Mnamo tarehe 3 Juni, saa moja na nusu asubuhi, wifi yangu alikuja dukani. Begani alikuwa amebeba msalaba. Ulikuwa msalaba wa kaburi la Cheko, kaung'oa mwenyewe asubuhi ile. Seremala aliutengeneza kwa mbao zilizobaki za mlango wa gereji, kwa hiyo ni mzito kuliko inavyohitajika, na una jina la marehemu na tarehe mbili. Nilimwambia, "Wifi, umerukwa na akili?" Akasema, "Bado. Ile bendera yako iko wapi?"

Nilijua anasema ipi, maana ndiye pekee niliyemsimulia. Niliitoa. Yeye aliubana msalaba kwa magoti, mimi nikaifunga bendera kwenye mbawa zake kwa vifungo vinne nilivyovishona papo hapo. Naomba liandikwe vizuri: aliyeifunga bendera kwenye msalaba ni mimi. Hati ya mashitaka ya kutukana bendera inasema ni yeye. Yeye hata kuingiza uzi kwenye tundu la sindano hawezi, na ushahidi ni mashati ya kaka yangu.

Afisa ameniuliza kama nilijua ni kosa. Nimemjibu kwamba nilijua ule msalaba ni mzito.

Saa mbili na nusu tulikuwa watu kama arobaini mbele ya gereji, wengi wanawake. Hatukuwa na mawe, hatukuwa na marungu. Mzee wa kanisa alitukuta pale, akashika mti wa msalaba akasema, "Mama, huu ni wa ibada. Usiuchafue kwa siasa." Wifi yangu akamjibu, "Siku tunauchomeka kaburini hukuniuliza mwanangu kafa kwa ibada au kwa siasa." Mzee aliuachia. Hakutufuata, lakini hakwenda zake pia. Alibaki amesimama hapo hapo gerejini mpaka tukapotea machoni pake.

Tulipofika kwa mafundi viatu wifi alianza kuchoka. Jirani yangu muuza mkaa, ambaye ni Mwislamu na kila Ijumaa namjua kwa manukato yake, aliingia chini ya ubawa mmoja. Nilimwambia, "Shoga, watakusema." Akasema, "Mimi nabeba mbao. Hayo mengine mtajuana nyie na padri wenu." Tulicheka. Kwenye hati imeandikwa kwamba tulikuwa tukichochea udini. Kama kuna udini pale, basi ulikuwa umeshikwa huku na huku na mawifi na muuza mkaa, na bado ulikuwa mzito.

Afisa ameniuliza kama ilikuwa maandamano au sala. Nimemwambia mimi mwenyewe nilisali njia nzima na nilikuwa nimekasirika njia nzima. Ametaka nichague moja. Nimekataa kuchagua.

Ameuliza pia kama msalaba ungeweza kumpiga mtu. Nimemwambia hata kiti alichokalia yeye kinaweza.

Saa tatu na dakika arobaini tulifika zahanati. Askari sita walikuwa wamejipanga mbele ya geti. Nyuma yao kufuli, na juu yao ile bendera yangu nyingine. Mkubwa wao alisema, "Hiyo bendera ni mali ya Serikali. Iteremsheni." Wifi yangu alisema, "Ya Serikali ni ile pale, inalinda kufuli. Hii ni yetu." Akasema tena, taratibu, kama anavyosema na mzazi aliyeshikwa na uchungu: "Nataka tu nisimame chini ya mlingoti na mwanangu. Dakika tano. Mkiona bendera si huwa mnasimama? Basi simameni na sisi."

Hawakusimama. Askari mmoja kijana alishika pembe ya bendera akavuta. Wifi akakumbatia msalaba. Kitambaa kikachanika kuanzia kwenye kidole cha askari hadi mstari wa pili. Kimetandikwa hapa mezani na nimemwonyesha afisa: kilichochanika ni kitambaa, kwa kuwa kilivutwa. Mshono wangu haukuachia, hata ule wa mstari wa tatu. Wifi alianguka na msalaba juu yake, wakamwinua wakamtia garini. Msalaba waliurusha nyuma ya gari kama kuni. Nililia hapo, na sikulia kwa woga.

Leo saa nne asubuhi niliruhusiwa kumpelekea chai mahabusu. Nilimwambia kwa furaha kwamba tumepona, barua ya mkaguzi ninayo. Kama kitu hiki si bendera, hakuna bendera iliyotukanwa, na kesi haina miguu. Sikutegemea jibu lake. Alisema, "Hiyo barua usiitoe."

Nilidhani hakunielewa, nikarudia. Akasema, "Nimekuelewa, wifi. Ukiwaambia si bendera, wataandika kwamba nilimvisha mwanangu tambara nikazunguka nalo mji mzima. Bora nifungwe."

Mimi na wifi yangu tumegombana miaka ishirini na tisa. Tumegombania sufuria, tumegombania kuku, tumegombania nani alimpikia kaka yangu chumvi ikazidi akalazwa. Leo tumegombana kupitia nondo za mahabusu mpaka askari wa zamu akatuambia tushushe sauti. Alinigeuzia mgongo. Chai hakuinywa.

Nilirudi hapa saa nane nikiwa sijui la kufanya. Afisa wa kwanza, siye huyu anayeandika, alinikaribisha kwa kilemba cha ukoka, eti mimi ni fundi wa Taifa. Kisha akaniambia, "Mama, sema tu kwamba hii ni Bendera ya Taifa uliyoishona wewe na kwamba yeye aliichukua. Wewe utakuwa salama, na kazi ya bendera itabaki kwako." Nikamuuliza, na ile barua yenu? Akasema barua haina haja ya kuonekana.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Wifi ananiambia nifiche barua kwa sababu anaipenda hii bendera. Afisa yule ananiambia nifiche barua ili amfunge wifi kwa hii bendera. Barua ile ile. Nimeona siwezi kumtii mmoja bila kumsaidia mwingine, kwa hiyo simtii yeyote. Wifi anisamehe, na najua itachukua muda, maana kwa kununa hana mpinzani.

Basi hili naomba liandikwe kama ninavyolisema, lisipunguzwe.

Barua inasema kitu hiki si bendera. Mimi niliyekishona nasema ni bendera. Nilikishona kwa kitambaa chenu na kwa vipimo vyenu, na kimepungua upana wa kidole kwa sababu siku nakishona mtoto wa kaka yangu alikufa barabarani, akikimbizwa mbali na zahanati ambayo bendera hii iliagizwa kwa ajili yake. Kama kuna bendera inayoujua mtaa wetu ulivyo, ni hii, na ile iliyopita ukaguzi haijui kitu.

Mkiiamini barua, wifi yangu hakutukana bendera yoyote, mwachieni. Mkiniamini mimi, wifi yangu ni raia aliyebeba bendera ya nchi yake pamoja na msalaba wa mwanawe, na aliyeichana ni askari wenu, mwachieni vile vile. Chagueni mtakalo. Ninachokataa ni kiwe kitu cha kufutia meza siku mnapokikataa, halafu kigeuke bendera siku mnapotaka kumfunga mtu nacho. Mimi ni fundi, najua kitambaa hakigeuki hivyo.

Kazi ya bendera mnaweza kumpa mwingine. Mwambieni tu mstari wa tatu unataka uangalifu.

Hayo niliyosema ni yangu tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nimesomewa, nimerekebisha mahali pawili, nimekubali yabaki yalivyo.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Saa kumi na dakika ishirini jioni

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba maelezo haya niliyaandika mwenyewe na kumsomea shahidi. Shahidi aliombwa kuondoa aya nne za mwisho akakataa. Barua yenye muhuri nimeipokea na kuiambatisha.

Kabla ya kutoka, shahidi aliomba kukunja kielelezo mwenyewe, akakikunja. Hakikurudishwa kwenye kiroba. Kipo kabatini, rafu ya juu.

Shahidi aliambiwa yuko huru kwenda nyumbani. Amekaa kwenye benchi la nje. Amesema anamsubiri wifi yake waondoke pamoja, na amemtuma askari wa zamu ampelekee chai nyingine. Saa kumi na mbili kamili, bendera ya kituo ilipoteremshwa, alisimama wima hadi mwisho, kisha akakaa tena. Askari wa zamu ameripoti kuwa mtuhumiwa naye alisimama mahabusu, na kwamba chai ameinywa.

Katika daftari la vielelezo, safu ya "aina ya kitu" nimeiacha wazi.