Njia ya Mama Kwenye Nyasi Bandia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, maana naandika juu ya meza ya cherehani na meza yenyewe inatikisika. Mimi ni fundi wa kushona, nafanyia kazi nyumbani, dirisha langu linatazama uani, na uani kwetu kote tumetandika nyasi bandia, mume wangu alizileta mwaka juzi akasema hataki tena kuona tope, na kweli tope liliisha, lakini paka wa jirani wakazipenda kuliko sisi, na sasa jua likiwaka mchana harufu ya mikojo yao inapanda mpaka kwenye vitambaa vya wateja, na mtoto wetu wa miezi tisa anayetambaa humo ametokwa na vipele magotini, na muuguzi wa kliniki akaniambia, mama, safisha kwanza anapotambaa, dawa baadaye.

Basi mume wangu akamwita fundi wa kusafisha nyasi hizo, mtaani wanamwita Brashi, akapiga magoti, akanusa, akacheka, akasema kuna usafi wa aina tatu: wa juujuu, yaani kufagia na kupiga maji, wa kati, yaani sabuni na dawa ya kuua vijidudu na kusuuza mpaka povu liishe, na wa kina, ambao anapitisha mashine ya brashi, ananyonya mchanga wote ulioko chini ya nyuzi, anamwaga mwingine, na nyuzi zote zinasimama kama siku ya kwanza. Mume wangu akasema wa kina, hakuna cha kufikiri. Hapo Brashi akapitisha kiganja akasema, "Maana hapa zimelala, dada, ona, mstari mmoja mpaka kule, nani anapita hapahapa kila siku?" Mshauri, nikamwambia harakaharaka arudi wiki ijayo, leo nina wateja. Uongo mtupu.

Anayepita ni mama yangu. Chumba chake kiko upande wa pili wa uani, na kila asubuhi anavua kandambili mlangoni kwake, anasema miguu inataka kupumua, halafu anakuja taratibu, peku, mpaka mlango wa jikoni, na kuna mahali mstari unagawanyika kwenda kwenye kamba ya nguo, hapo husimama kidogo, anapapasa kwa vidole vya mguu, kisha anakata kona. Mimi huacha cherehani nikamtazama, jua changa liko nyuma yake, nyasi hazina umande wala mdudu, kila kitu kimenyamaza kama vile nimelala macho wazi, nami nampenda mpaka nasahau kushona. Zamani nilidhani ni madaha tu ya uzee, mpaka siku niliyokaa kwenye ngazi ya jikoni nikimenya viazi, akapita karibu kabisa na goti langu asinisalimie, yeye anayesalimia hata kuku wa watu. Midomo yake ilikuwa inahesabu hatua.

Mama haoni, mshauri. Labda anaona mwanga, sijui. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona, na sasa anasema sindano za siku hizi zina matundu ya kichoyo, nacheka naye, kisha namtungia uzi sindano sita namwachia kwenye mto wa sindano. Alipokuja kukaa kwetu alisema, "Siku mtakayonishika mkono kunipeleka chooni, nifungieni mizigo yangu nirudi kwangu," na huko kwake hakuna mtu. Nyasi zikisimamishwa njia inapotea, ataanguka, au atajua kwamba najua, ataondoka. Nisipozisafisha mwanangu anaendelea kujikuna. Juzi nilisinzia mchana juu ya gauni la mteja, nikaota nyasi zimekua mpaka kiunoni, laini, zinayumba, na mama yuko katikati amembeba mtoto, anatabasamu, anauliza mlango uko wapi, na mimi nina pini mdomoni siwezi kumjibu.

Nichague usafi gani?

Mimi, fundi wa dirishani

Fundi wangu,

Umeandika vizuri mpaka nikasahau kukukasirikia. Sasa nimekumbuka.

Tumalize la nyasi kwanza, maana ndilo dogo. Chagua usafi wa kati. Mikojo ya paka inataka dawa, sabuni na maji mengi, haijali kama nyuzi zimelala au zimesimama. Mwambie Brashi asuuze mpaka maji yatoke safi, pakauke kabisa ndipo mtoto ashushwe. Mashine yake akitaka sana kuipitisha, aipitishe kwenye kona wanakolala paka, mstari wa mama asiuguse. Kila wiki shika mpira wa maji mwenyewe, na jirani aambiwe kuhusu paka wake. Vipele visipopungua, rudi kliniki. Mumeo akiuliza mbona si wa kina, mpe sababu ya kweli. Fundi wa kupita amekaribia kuijua siri hii kabla ya baba wa mtoto! Hivi hiyo ni ndoa au ni foleni?

Sasa lile kubwa. Barua nzima nimetafuta neno daktari, sikuliona. Umeona jua changa, umeona vidole vya mguu, umeona mpaka umande ambao haupo, lakini daktari wa macho hukumwona. Kuna macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho tu, yakafanyiwa upasuaji mtu akarudi kutunga sindano zake. Kuna yasiyorudi, ila yanaweza kuzuiwa yasiishe kabisa. Mama yako yuko kundi gani? Hujui, wala mimi sijui, na kila asubuhi unayokaa kumtazama kwa mapenzi hapo dirishani huenda ni asubuhi anayoipoteza. Hilo limeniuma, nakuambia wazi.

Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa eti unalinda heshima yake. Unaogopa kulia mbele yake, basi. Pole, hata mimi ningeogopa. Lakini je, mama yako huwa anambeba mtoto kweli, au ni ndotoni tu? Kama ni kweli, kuanzia leo ampakate akiwa ameketi. Tena unadhani hajui kwamba unajua? Mwanamke aliyekufundisha kushona anakuta sindano sita zina uzi, aseme ni panya waliotunga? Anajua, mwanangu. Anakungoja wewe uanze, na hofu yake ni kubwa kuliko yako.

Kesho asubuhi usiguse cherehani. Nenda chumbani kwake kabla hajatoka, kaa kitandani pake, sema, "Mama, najua, na mimi naogopa." Usimshike mkono asipoutoa mwenyewe. Mtajie siku ya kwenda hospitali, iwe wiki hii, na umwambie hakuna mizigo itakayofungwa. Atakasirika, mwache akasirike, usitoke. Akitulia, mweleze zile aina tatu za usafi, moja baada ya nyingine, kisha umwulize yeye anataka uani uoshweje. Maana mmemwita fundi, mmejadili, umeniandikia hata mimi nisiyewajua, na anayepita hapo kila siku hakuna aliyemuuliza.