Koti la Catello Sokoni Resina

Mtaa wa Pugliano,
Resina.
9 Novemba 1986

Mpendwa mdogo wangu Catello,

Nakusalimu wewe, wifi Hannelore na mwanao Matthias. Hujambo? Safari hii nauliza kwa dhati, si kwa desturi, kwa hiyo usinijibu haraka haraka kwamba hujambo. Unakula? Unalala? Kifua je? Sisi huku wazima. Shemeji yako Aniello analalamikia goti lake asubuhi mpaka jioni, na siku akinyamaza ndipo nitakapoogopa.

Mvua zimeanza, na bei ya nyanya imepanda. Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za nyanya.

Koti lako liko hapa, Catello. Lile la kahawia nililokushonea ulipokwenda Ujerumani. Sasa hivi ninapoandika limelala kitandani kwangu. Nataka kujua unaumwa nini, na nataka ukweli.

Nitakueleza nilivyolipata. Jumanne nilikwenda sokoni kumtafutia Aniello koti la baridi. Sabatino alikuwa amefungua robota jipya, na wewe unamjua Sabatino: juu ya meza anapanga sufu safi, chini anafukia zilizoliwa na nondo. Mimi hata akiniambia leo ni Jumanne naenda kutazama kalenda. Kila nguo naigeuza kola, nainusa kwapani, kisha nainyanyua kwenye mwanga nione matundu.

"Mama Restituta, unanunua koti au unafanya upelelezi?"

"Nanusa kama mwenyewe alifia humu."

"Kama alifia humu basi alikufa kwa raha! Hebu shika sufu hiyo!"

"Suruali ya Aniello uliisifia hivyohivyo, ikapasuka mbele ya padri."

"Mama, suruali haikuwa na kosa. Kosa la tumbo!"

Wanawake wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Huku nacheka, nikapitisha mkono ndani ya koti moja la kahawia, chini ya bitana, upande wa moyo. Vidole vikagusa kijifuko cha Mama Bikira.

Nikakifahamu kabla sijakiona. Uzi mwekundu, mishono saba, na ndani chumvi na jani lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Nilikishona mwenyewe usiku ule kabla hujaondoka, na wewe ukinitania kwamba forodhani watadhani ni magendo. Unajua fika kwamba kijifuko hakiuzwi wala hakigawiwi. Nguo ikichakaa kinafumuliwa, kinachomwa. Basi nikasema moyoni umekufa, na hakuna aliyejali kuniambia.

Nilimshika Sabatino shati. Alilitoa wapi? Nani kamletea? Akaapa kwa wanawe wote wanne kwamba limetoka robotani, mzigo wa Ujerumani, kamba zenyewe hizi hapa chini. Sikumwamini. Nikatoa pesa nilinunue, naye akausukuma mkono wangu.

"Lenye kijifuko siuzi, mama. Chukua uende nalo."

Sabatino kukataa pesa!

Nikaenda kupiga simu kwenu. Akapokea wifi. "Catello analala," akasema, na Kiitaliano chake kikaishia hapo. Saa kumi na moja jioni! Tangu lini wewe unalala saa hizo? Angalau nikajua u hai. Lakini nikaanza kumshuku yeye. Nikasema huyu ndiye aliyelitupa koti kwa sababu ni kazi ya mikono yangu, maana hajanisamehe tangu nilipomwongezea chumvi kwenye mchuzi wake. Aniello akaniambia, "Wewe mke wangu, hata Mtakatifu Januari mlinzi wetu ungemkagua mifuko." Anicheke tu.

Kesho yake asubuhi nililiweka koti dirishani nikalikagua kama ninavyokagua kazi ya fundi mwingine. Nikafika kwenye vifungo.

Vifungo vimehamishwa, Catello. Vimesogezwa ndani vidole viwili. Kisha vikasogezwa tena, vidole viwili vingine. Matundu ya sindano yapo bado, safu mbili, na kitambaa kilichokuwa chini ya kila kifungo hakijapauka. Na wewe Agosti uliniandikia kwamba viazi vya wifi vimekunenepesha.

Tena si wifi aliyevihamisha. Yeye anashona vizuri, kwenye kile kitambaa cha meza alichonitumia sijaona kosa, na niamini nililitafuta. Hivi vimeshonwa kwa uzi mweusi kwenye koti la kahawia, na fundo limeachwa nje. Fundo nje! Mama alikuchapa vidole miaka mingapi kwa ajili ya fundo hilo? Kwa hiyo ulijifungia mahali, ukashona mwenyewe, ili hata mkeo asione koti linavyokupwaya. Lilipozidi kupwaya ukalitia kwenye sanduku la nguo za maskini, ukasahau kijifuko. Wifi nimemkosea, na nitamwomba radhi mwenyewe.

Nililia pale dirishani, sikufichi. Baba naye alitoboa mkanda wake kwa msumari, tundu baada ya tundu, akituambia yuko salama. Tuliyahesabu matundu yale tulipokuwa tunamvika kwa mazishi. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona, na sikuona. Sitaki kuwa dada aliyeona mara ya pili akanyamaza.

Sasa sikiliza. Usiniandikie maneno, maneno yako nimeyachoka. Chukua uzi, uzungushe kifuani chini ya makwapa, juu ya fulana peke yake. Ukate unapokutana. Utie kwenye bahasha. Usiuzungushe kwa Matthias, na usivute pumzi ukajaza kifua. Kifua chako ni sentimita mia moja na nne, nimekishonea tangu ukiwa na miaka kumi na sita, nikiushika uzi nitajua. Na umwambie mkeo leo hii, kabla ya chakula cha jioni.

Aniello anakusalimu, na shangazi Mafalda, ambaye sijamwambia neno maana atavaa nyeusi kabla ya wakati. Mbusu Matthias. Mama Bikira akufunike kwa joho lake, kwa kuwa la kwangu umelitoa.

Wako akupendaye daima,
dada yako,
Restituta

N.B. Nimeisoma barua hii tena na nimekujua: utanidanganya hata kwa uzi. Tiketi ya treni nimeshakata. Nafika Jumamosi asubuhi, na futi kamba yangu shingoni.