Kiyoyozi Kipya Hakina Kelele, na Mama Mkwe Anasikia Kila Kitu

Bibi mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi mama mkwe wangu anahama na mume wangu anasema ni mimi niliyemfukuza, na mimi sijamfukuza, ingawa kuna kitu nimefanya, na kitu hicho ndicho kinachonifanya nikuandikie wewe badala ya kumwambia mtu anayeijua sura yangu.

Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala na kiyoyozi kimoja. Mama mkwe alipokuja kuishi nasi baada ya kufiwa na mumewe, fundi alisema nyaya za nyumba hazitabeba viyoyozi viwili, basi mume wangu, ambaye hajawahi kukutana na tatizo akaacha kulitoboa, akasema tukate ukuta unaotenganisha vyumba, kule juu karibu na dari, mashine ikae katikati, nusu ivume kwetu nusu ivume kwa mama, na ikafanyika hivyo, rimoti ikakaa kwa mama kwa sababu ya heshima. Kile kiyoyozi cha zamani kilinguruma kama mashine ya kusaga, ukikiwasha humsikii hata mtu aliyekulalia sikioni, nasi tukaizoea ile kelele tukaifanya chumba chetu cha ndani, tukacheka humo, tukagombana humo, na yale mengine ya mke na mume ambayo Bibi unayajua.

Kikafa. Fundi, ambaye mtaani tunamwita Barafu, akasema gesi inavuja na mota imechoka, kukitengeneza ni kumvalisha maiti viatu vipya, nunueni kingine. Mume wangu akaleta kipya, cheupe, kizuri, kikawekwa kwenye tundu lile lile, akatusimamisha wote chini yake, akakiwasha, akasema, "Sikilizeni." Tukasikiliza, hakuna kitu. "Mnaona?" akasema, uso wote meno. Bibi, raha yangu iliishia pale.

Usiku wa kwanza tu mume wangu akaninong'oneza, "Umelala?" na sauti ikajibu kutoka upande wa pili, "Bado, mwanangu." Siku nyingine nikamlalamikia taratibu kwamba mchuzi wa mama una chumvi nyingi, kesho yake mezani mama akanisogezea bakuli bila kunitazama, "Onja, mkwe wangu, nimepunguza." Tangu hapo nalala kama mgonjwa wa wodini. Na yeye akaanza vituko, tukifunga tu mlango wetu anakohoa, kikohozi ambacho mchana hana, mara anafungulia redio kwa sauti, mara anazima kiyoyozi eti anasikia baridi huku sisi tunachemka mpaka tufungue madirisha magari yapige kelele masikioni, mara anajifunga shuka anatoka kukaa nje mlangoni peke yake mpaka taa yetu izime. Nikasema moyoni, huyu mama ananifanyia kusudi.

Ndipo nilipofanya. Nilichukua lile boksi kilimokuja kiyoyozi, nikakata kipande, nikapanda stuli, nikakipachika ndani pale feni inapozunguka, ikawa inakipiga, trrrrr, nikasikia raha nikalala. Mume wangu akamwita Barafu. Kabla hajafika nikakitoa kipande, Barafu akawasha mashine, kimya. Alipoondoka nikakirudisha, trrrrr. Akaitwa tena, kimya tena. Akaifungua, akasafisha chujio, akapima gesi, akakuna kichwa, akasema, "Bosi, hii mashine inaniogopa." Mume wangu hakucheka. Alimwambia mbele ya watu, kwenye duka la mtaani kwetu, kwamba yeye ni tapeli, ametufungia mashine mbovu, na sasa mume wangu anautangazia mtaa wasimpe kazi, nami kwa hofu nimekitoa kipande nikakificha, kimya kimerudi. Juzi nilimpita Barafu amekaa mlangoni pa karakana yake, vifaa vimepangwa na hakuna wa kumpa kazi, akanisalimia vizuri tu, "Za leo, shemeji, mashine yetu inaendeleaje?" Nikasema nzuri, nikaongeza mwendo.

Na jana mama akaanza kufungasha. Anarudi kwenye nyumba yake iliyofungwa tangu msiba, haina mtu, na miguu yake ndiyo hii ya kutembea ameshikilia ukuta. Nilipomuuliza akasema, "Mkwe wangu, nyumba hii ina baridi." Mume wangu akanigeukia, "Umemfanya nini mama yangu?" Bibi, mimi nilitaka kelele, sikutaka aondoke, huyu ndiye aliyenikanda mgongo nilipoteleza bafuni, akanilisha kwa mkono wake mpaka nikainuka, wakati mama yangu mzazi alipiga simu tu. Je, niseme habari za boksi wanichukie wote, au kile kipande nikitupe jalalani na Jumamosi ipite?

Ni mimi,
Nusu Kiyoyozi

*

Wewe Nusu Kiyoyozi, nimesomewa barua yako nikacheka mpaka nikaletewa maji. Kisha nikaomba nisomewe tena pale mama anapokaa nje na shuka, na pale sikucheka.

Una akili nyingi, mjukuu wangu, na zote umezipeleka kwenye boksi. Mtu mwenye tundu ukutani huziba tundu. Wewe umepanda stuli usiku na mchana kulitafutia tundu kelele.

Sasa kaa chini nikwambie jambo la mama mkwe wako, maana hata mimi ni mama mkwe wa watu, nimelala kwenye nyumba za wanangu nikahesabu mbao za dari. Yule mama hakusikilizi. Yule mama anasikia, na anaomba ardhi ipasuke aingie. Hebu jiweke wewe pale, miguu haikubebi, na mtoto uliyemfuta kamasi anaanza mambo yake juu ya kichwa chako, utakimbilia wapi? Kikohozi ni kuwaambia, niko macho jamani. Redio ni pazia anawavutia. Kiyoyozi alikizima ili mfungue madirisha, magari yaingie masikioni mwake badala yenu. Na kukaa nje, na ile miguu, kwenye umande, alikuwa anawapisha. Hivyo unavyoita vituko zilikuwa hodi, mama. Amepiga hodi amechoka, hamkumwitikia, sasa ameamua kuwapisha moja kwa moja. Baridi anayoisema ni hiyo. Na ile ya chumvi, umemsengenya, kakusikia, kapunguza. Mimi ningeongeza.

Mumeo naye ana lake. Mwanamume mzima anamuuliza mkewe "umelala?" kwa mdomo. Mkono anao wa nini?

Unaniuliza useme au unyamaze. Ukinyamaza, yule mama ataanguka peke yake kwenye nyumba ya watu wasiokuwepo, na Barafu atauza vifaa vyake, na wewe utakuwa na chumba kizuri chenye kimya, ulale humo kama utaweza. Kwa hiyo utasema, na utasema leo, usingoje Ijumaa.

Ingia chumbani kwa mama ukiwa na kile kipande mkononi, kaa kitandani kwake, si kwenye kiti, mwambie ulichofanya na kwa nini. Usizunguke. Yeye ameshajua mambo yenu yote, la boksi halitamzidi. Nadhani atacheka kabla hujamaliza. Kama bado anataka kuondoka, muulize ukiteleza tena bafuni nani atakukanda, kisha nyamaza umngoje. Usimshike begi. Atalifungua mwenyewe.

Mumeo mwambie mezani, mamake akiwa hapo hapo, ili asipandishe sauti. Akinuna, anune huku anavaa viatu, kwa sababu nyote wawili mnakwenda kwa Barafu. Na msimwendee karakanani kwa siri kama wezi wa kuku. Mnamwita pale pale dukani, mbele ya wale wale walioambiwa ni tapeli, wewe unasema, "Nilikuwa natia boksi," na mumeo anasema, "Nilikukosea." Barafu akitukana, mwacheni amalize, matusi hayo ameyatolea jasho.

Kisha mpeni kazi. Akitoe kiyoyozi kwenye lile tundu akihamishie chote chumbani kwa mama, aikague ile feni uliyoichapa na boksi kama haijapasuka, na tundu lizibwe kwa tofali na plasta pande zote mbili. Nimesema tofali. Nikisikia umeliziba kwa boksi nitakuja mwenyewe. Rimoti ibaki kwa mama. Chujio utakuwa unaliosha wewe kila likishika vumbi, upande ile stuli kwa kazi ya maana.

Na nyinyi? Nyinyi mtalalia feni. Si mpya. Itafuteni ile ya mezani ya zamani, iliyolegea wavu, inayotikisa kichwa kama mzee anayekataa dawa. Mumeo atasema kuna joto. Lipo, ndiyo, na aliyetoboa ukuta atoke jasho.

Na ile feni ikianza kupiga kelele, fundi asiitwe.