Gus Amefunga Duka

Ijumaa, 30 Juni

Joto. Tumetembea mjini kabla jua halijawa kali, mimi na Gus, kama kila asubuhi. Kituo cha treni, duka la dawa, sinema iliyofungwa, halafu Mtaa Mkuu mpaka mwisho. Yeye anatangulia, mimi nyuma naangalia asijikwae kwenye matofali. Kila mlango anautaja kwa mwenyewe wa zamani. Hapa kwa Lenny kinyozi. Hapa kwa mama wa vitambaa. Lenny alikufa Denise wetu akiwa bado shule! Sikumsahihisha. Nimeacha kumsahihisha.

Akasimama mbele ya duka letu. Letu, nasema — tuliliuza zamani, sasa Rogelio Barrientos anauza taco humo, zile chapati za nyama za Kimeksiko. Lakini maandishi bado yako ukutani: DVORAK, VIFAA VYA NYUMBA. Kamati ya majengo ya kale hairuhusu yafutwe wala yapakwe rangi. Gus aliyasoma kwa sauti, akatabasamu. Nikamshika mkono tukaenda zetu.

Jioni Denise kapiga simu. Binti yangu hazunguki: Mama, baba akitoka peke yake tena, hata mara moja, anaenda kwenye yale makao ya wazee. Nafasi ipo. Nikasema sawa.

Jumamosi, 1 Julai

Viti vimeanza kutoka. Gwaride la Sikukuu ya Uhuru ni Jumanne, lakini watu wa hapa hawana subira — viti vya kukunja na mablanketi vimepangwa kando ya barabara kushika nafasi, kila familia na mahali pake. Hakuna anayegusa cha mwenzake. Haijaandikwa popote, lakini jaribu uone!

Rogelio alikuwa nje, amekuja juu. Viti vimeziba mlango wake, wateja wanaruka kama mbuzi. Anamwambia Bev Lindqvist, mwenyekiti wa kamati ya gwaride: Bi Bev, sogeza hata viwili tu watu waingie. Bev akasema mila ni mila, utazoea. Rogelio: miaka yote niko hapa, nizoee lini? Ingekuwa juu yangu ningevitupa vyote! Kasema kwa sauti, mbele za watu. Bev akamwangalia kwa jicho la pembe.

Gus alikuwa akivitazama viti. Bidhaa bado ziko nje, akaniambia. Nikacheka. Mjinga mimi.

Jumapili, 2 Julai

Naandika haraka, mwandiko huu sijui nitausoma.

Nilisinzia kwenye kochi baada ya chakula. Kuamka — nyumba kimya, mlango wazi. Gus hayupo. Na ile aproni yake nyekundu ya dukani haipo kwenye msumari.

Nikashuka Mtaa Mkuu mbio, na magoti yangu haya. Mji mtupu, wote wako uwanjani kwenye besiboli. Nilimwita kwa sauti ndogo, watu wasisikie. Hata katika hofu ile nilikuwa naona haya!

Nikamkuta akitokea uchochoro wa nyuma ya duka, jasho tele, uso unang'aa. Nimefunga duka, Marlene, akasema. Nimeingiza kila kitu. Twende tukale. Sijamwona na furaha hiyo tangu majira ya baridi. Nikampa mkono. Tulipotokea barabarani ndipo nikaona: upande wetu wote hakuna kiti hata kimoja.

Nikamharakisha nyumbani. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 3 Julai

Mji umewaka. Sijanywa hata kahawa, Bev huyu hapa mlangoni. Viti vimeibwa, shoga! Cha marehemu mama yangu kimo! Aliuliza nani angethubutu, akajijibu mwenyewe. Rogelio. Kila mtu alimsikia Jumamosi. Watu wameshafuta oda zao za chakula cha kesho, na mtu kabandika karatasi kwenye dirisha lake: RUDI KWENU. Kwao wapi? Kazaliwa Joliet, hapa hapa Marekani!

Nikamimina kahawa. Nikasema maskini. Maskini nani, sikusema.

Bev alipoondoka nikatembea na Gus mpaka uchochoroni. Kuna banda nyuma ya duka ambalo halijabadilishwa kufuli tangu enzi zetu, na ufunguo Gus anao bado. Akafungua kwa madaha. Viti vyote vimo, vimepangwa kwa ukubwa, mablanketi yamekunjwa vizuri juu ya rafu. Kazi safi. Nililia pale pale. Gus akauliza, kwani kuna kilichovunjika?

Rogelio akatoka mlango wa jikoni, anafuta mikono.

— Nilimwona, Bi Marlene. Jana. Aliniambia, wewe kijana mpya, shika mlango. Nikaushika.

— Na hukusema?

— Niseme nini? Mtu akijua, mzee hatoki tena nje. Babangu tulimfungia ndani. Hakumaliza mwaka.

— Na wewe je, Rogelio? Wanavyokusema?

— Mimi si niliambiwa nitazoea?

Akacheka. Si kicheko kizuri.

Denise kafika jioni na picha za makao kwenye simu yake. Vyumba vyeupe, maua. Akauliza baba ametoka peke yake? Nikasema hapana. Sijawahi kumdanganya mwanangu. Najichukia usiku huu, na bado ningesema vile vile.

Jumanne, 4 Julai

Alfajiri nilimuuliza Gus tunafungua saa ngapi. Saa mbili, kama siku zote, akasema, akavaa aproni. Denise bado amelala. Tukaenda. Tumevitoa sisi watatu, Rogelio akibeba vizito. Nilitaka tuvirudishe kila kimoja mahali pake, watu waone vimerudi, yaishe. Gus hakukubali kabisa. Bidhaa zinapangwa mbele ya duka! Basi vyote viko hapa, chini ya jina letu, mbele ya mlango wa Rogelio. Naandika nimekaa kwenye kimoja. Sijui cha nani.

Watu wanajaa. Ngoma zinasikika upande wa kituoni. Bwana mmoja mwenye kofia ya bendera kakikuta kiti chake, kakinyanyua. Gus akamwambia: umechagua vizuri, hicho hakivunjiki! Bwana yule kabaki mdomo wazi.

Bev ametuona. Anakuja na polisi. Sauti yake inafika hapa: viti vyote mlangoni kwake, unataka ushahidi gani zaidi? Nyuma yao Denise, anatafuta kwa macho. Hajaiona aproni ya baba yake.

Rogelio amesimama mlangoni, mikono kifuani. Ananitazama. Hana hasira — afadhali angekuwa nayo. Nikinyamaza, watamchukua Rogelio, na kesho asubuhi Gus atatembea. Atamtaja Lenny kinyozi.

Gus kaniinamia. Wale ni wateja?

Ndiyo, mpenzi, nimemwambia. Wewe pumzika. Wale nitawahudumia mimi.

Anavua aproni. Ananipa niivae.